Mitomingi alichoma nini hasa?

Ikifika Septemba, steshenari za karibu na stendi hapa Bagamoyo huanza biashara ya desa. Kurasa nane, kopi ya kopi ya kopi, herufi zimefifia pembeni, zimebanwa pini moja kwenye kona, na juu pameandikwa kwa herufi kubwa UCHAMBUZI WA TAMTHILIYA TEULE. Ndani yake utawakuta Ngoswe, Orodha na Kilio Chetu wamekatwakatwa vipande: dhamira, migogoro, ujumbe, falsafa, wahusika, muundo, mtindo, jina la kitabu. Mtoto analikariri hilo desa usiku na mchana, akiingia kwenye pepa Novemba analitapika lilivyo, akitoka nje hakumbuki hata Mazoea ni binti wa nani.

Mimi nafundisha Kiswahili kidato cha tatu na cha nne kwenye shule moja ya kata, si mbali na mjini. Na wauza desa sigombani, nao wanatafuta riziki. Ninayegombana naye ni sentensi moja. "Mwandishi amefanikiwa kwa kiasi kikubwa kuonesha jinsi mapenzi yanavyosababisha uzembe katika jamii yetu ya leo." Kwenye moko ya mwaka huu, yaani mtihani wa majaribio, nimeisoma kwenye karatasi baada ya karatasi, miandiko tofauti, maneno yaleyale, mpaka kosa lilelile la kumwita mwandishi Semzamba. Nilipofika katikati ya lile rundo nikaweka kalamu chini, nikaenda kununua kashata.

Kwa ambaye hakusoma, au alisoma akasahau: Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe ni tamthiliya ya Edwin Semzaba (si Semzamba), ambaye sasa ni marehemu, na alifundisha sanaa za maonesho Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ilitoka mwaka 1988, mwaka uleule nchi ilipokuwa inahesabu watu, na kazi ya Ngoswe ndiyo hiyo. Ni karani wa sensa, kijana msomi, ametumwa kijijini na makaratasi ya serikali. Huko anamkuta Mazoea, binti wa balozi wa nyumba kumi, Mzee Ngengemkeni Mitomingi. Penzi likaingia, pombe ikaingia, kazi ikalala. Mwisho wa yote Ngoswe anaondoka na binti wa watu, na baba mtu kwa hasira anayatia moto makaratasi ya sensa.

Hadithi yote ndiyo hiyo, inakaa kwenye kiganja. Ukiuliza darasa tatizo ni nini, watakuambia mapenzi, kwa sababu jina la kitabu linasema hivyo na desa linasema hivyo.

Sasa mimi kitabu hiki nakisoma kwa jicho jingine kidogo, maana mwaka 2022 nilikuwa karani wa sensa. Walimu wengi tulikuwa. Tulikaa kwenye mafunzo, tukapewa vizibao, vitambulisho na vishikwambi, kila mmoja akapangiwa eneo lake. Mimi niliangukia upande wa ndani, minazi na mikorosho, nyumba moja hapa na nyingine kule ng'ambo ya kibonde. Mwenyekiti wa kitongoji mbele, mimi nyuma. Hodi, karibu, halafu swali lile la kuwataka waniambie nani na nani walilala hapo usiku wa kuamkia Agosti 23. Bibi mmoja aligoma kabisa. Akasema watoto wa watu hawahesabiwi kama kuku. Nikamwambia sawa, bibi, usiwahesabu, nitajie tu majina yao tuzoeane. Akayataja yote, mpaka la mjukuu wa siku arobaini. Nikahesabu mwenyewe.

Kitu nilichokiona kule, ambacho hakimo kwenye desa lolote, ni jinsi kijiji kinavyompokea mtu wa serikali. Unaletewa kiti chenye mgongo, wenyewe wanakaa mkekani. Dafu linakatwa. Binti anaambiwa lete maji ya kunawa, binti anapiga goti. Mimi ni mwanamke na nina watoto wawili, nilikunywa dafu nikashukuru nikaendelea na kaya nyingine. Mpe heshima ile kijana wa kiume aliyetoka mjini, peke yake, jina la serikali limening'inia shingoni, halafu rudi usome Ngoswe. Simtetei. Nasema tu kwamba Semzaba alijua anaandika kuhusu nini, na penzi lile halikuanzia moyoni peke yake. Lilianzia kwenye kile kiti.

Darasani nilianza na namba. Niliandika ubaoni 61,741,120. Nikauliza hii ni nini. Wa mbele wakajua: watu wa Tanzania, sensa ya 2022. Wa nyuma wakaanza kudai, "Na mimi nimo humo, madamu, nilihesabiwa!" Kila mmoja akataka kusimulia karani alivyokuja kwao, nani alijificha uvunguni, nani alihesabiwa kwa baba na kwa mama pia. Nikawaacha wapige kelele kidogo. Halafu nikauliza, tuseme Ngoswe alikuwa mmoja wa makarani hao. Kijiji cha Mitomingi kimo kwenye hii namba?

Kimya. Halafu sauti ya nyuma: "Hakimo. Kimeungua."

Mwingine akadakia kuwa siku hizi hakiungui, data zinatumwa, Mitomingi akichoma kishikwambi atakuwa amejitia hasara bure. Darasa likaangua kicheko. Mmoja akamalizia kwa ule msemo wa mtaani, ya Ngoswe tumwachie Ngoswe. Nikasema hapana, hayo sasa si ya Ngoswe tena, ndiyo maana tunayasoma. Hesabu ya watu ndiyo inayosema zahanati iletewe dawa kiasi gani, shule ijengewe madarasa mangapi. Aliyehesabiwa ana hoja akienda kudai. Ambaye hayumo, hayumo.

Aliyesema kimeungua ni mtoto wa mvuvi. Alfajiri yuko ufukweni anasaidia kuvuta nyavu, saa moja na nusu yuko darasani, saa tatu amelala kwenye dawati. Moko ya Kiswahili alipata 19. Wenzake sasa wanamwita Balozi, na sababu yake naieleza.

Raha mojawapo ya kuishi Bagamoyo ni kwamba chuo cha sanaa kiko hapahapa. Kimeanza mwaka 1981 kama Chuo cha Sanaa, leo ni TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, na jioni ukipita njia ya ufukweni unasikia ngoma zinafanyiwa mazoezi. Cha kushangaza, watoto wetu wa shule za kata wanakijua chuo hicho wakati wa tamasha tu, tena kwa ajili ya muziki na mishikaki. Mchezo wa kuigiza kwao ni kitabu chenye maandishi yaliyoanza kwa jina la mtu na nukta mbili. Basi nina mpangaji mwenzangu, kijana, anasoma sanaa za maonesho pale. Nikamwomba aje Jumamosi atusaidie. Malipo: supu na chapati mbili. Akakubali kabla sijamaliza kusema.

Alipofika aliwasikiliza dakika chache wakisoma kwa zamu, kila mtu anasoma kama taarifa ya habari, macho kwenye ukurasa. Akawasimamisha. "Msinisomee mimi. Unaongea na nani hapo? Mwangalie. Mwambie yeye." Ndiyo somo lote alilotoa siku hiyo, na nina shahada ya ualimu na sijawahi kulisema kwa ufupi hivyo.

Kupanga wahusika ilikuwa kazi. Ngoswe walijitokeza watano, wote wamechomekea. Mazoea hakutaka mtu. Wasichana walijua wakicheza Mazoea wataitwa Mazoea mpaka mahafali, na miluzi juu. Mwishowe kiranja wao akakubali kwa masharti: asipige mtu mluzi, na Ngoswe asimshike mkono hata kama kitabu kinasema amshike. Yakaandikwa ubaoni, yakaheshimiwa.

Mitomingi alipewa mtoto wa mvuvi kwa sababu moja tu, ana sauti nzito. Tukamvisha baraghashia ya baba yake. Makaratasi ya sensa yalikuwa karatasi za moko, zile zilizokwisha kurudishwa, na kila mtu aliona haki imetendeka. Moto nilikataza, mwalimu wa zamu asingetuelewa, kwa hiyo kiberiti kilikuwa kitupu.

Akasimama na lile rundo mkononi. Alitakiwa kufoka, kukwaruza kiberiti, basi. Badala yake akalitazama. Akachomoa karatasi ya juu, akaisogeza karibu na macho kama mzee asiyeona vizuri, akaanza kusoma. "Nyumba ya mama wa vitumbua. Watu sita." Akaiweka chini. Akachomoa nyingine. "Nyumba ya fundi mashua. Watu tisa, mmoja mgonjwa." Nyingine. "Nyumba ya mjane wa pale mkwajuni. Yeye na mjukuu." Karatasi zenyewe ni za moko, kilichoandikwa pale ni majibu ya ngeli za nomino. Anasoma watu wa mtaani kwao. Akafika ya nne, akanyamaza, akasema taratibu, "Hizi mbona si za Ngoswe." Na bado akakwaruza kiberiti.

Sikumfundisha mimi hilo, na yule wa chuo naye hakumfundisha. Tuliangaliana.

Wa kwanza kuzungumza alikuwa kipanga wetu, msichana anayeshika namba moja tangu kidato cha kwanza, na alichosema ni "Madamu, hiyo haimo kitabuni."

Ana haki. Haimo. Na hapa ndipo nilipotumia muda mrefu kuliko pote, kwa sababu mtihani ni mtihani. Nikawaambia: maneno aliyoyasema Balozi msiyaandike kwenye pepa, msahihishaji atayatafuta kitabuni hatayaona, atakata. Lakini wazo lililomfanya ayaseme, hilo liandikeni, kwa sababu ushahidi wake upo. Mitomingi ni balozi: imo kitabuni. Karatasi ni za kuhesabu kijiji kizima: imo. Aliyezichoma ni yeye, si Ngoswe: imo. Sasa niambieni, uzembe wa kitabu hiki ni wa mtu mmoja?

Wakabishana mpaka kengele. Wapo waliosema baba aliyeibiwa binti hana cha kulaumiwa, hata wao wangechoma. Wapo waliosema kiongozi hana ruhusa ya kukasirika hivyo. Kipanga alisema, kwa sauti ya mtu anayekubali shingo upande, kwamba kama ni hivyo basi jina la kitabu limetaja nusu tu ya habari.

Wasichana walikuwa na yao. Yule aliyecheza Mazoea alikuwa amekaa kimya muda wote, anafungua na kufunga kanga aliyojifunga kiunoni. Akauliza: "Mbona maswali yote ni ya Ngoswe? Amefanya uzembe, amekunywa, ameharibu kazi. Mazoea je, anakwenda wapi?" Mvulana mmoja akapiga kelele "Miaka thelathini!", maana adhabu ya kumpa mimba au kumwoa mwanafunzi wanaijua tangu sheria ya elimu ilipobadilishwa mwaka 2016. Wanaisikia kila siku kwenye mikutano ya shule. Msichana akamgeukia. "Mazoea si mwanafunzi. Hiyo miaka thelathini haimhusu." Mvulana akakaa.

Asiyeishi huku hatajua kwa nini swali lile lilikuwa zito. Wasichana wetu wengine wanatembea mwendo mrefu kuja shule, na bodaboda wanaowapa lifti hawatoi lifti bure. Kila mwaka kuna daftari linaloacha kuletwa. Kwa hiyo wakisoma kuhusu kijana mwenye kazi ya mshahara anayemwondoa binti kwao, wao hawasomi dhamira ya mapenzi. Nikamwambia ajibu swali lake mwenyewe kwa hoja tatu, Jumatatu alete. Alileta tano. Ya pili ilikuwa kwamba kila mtu kwenye tamthiliya ana mpango na Mazoea, baba ana wake, Ngoswe ana wake, na mipango hiyo ndiyo inayogongana. Hiyo niliipigia mstari kwa kalamu nyekundu, pembeni nikaandika "Umeona", na sikuongeza kitu.

Sasa nikuoneshe jambo dogo, kwa wale wenye watoto wa kidato cha nne na wanaouliza msahihishaji anatafuta nini. Hii ni aya ya Balozi kwenye moko, neno kwa neno kwa ruhusa yake:

"Mapenzi. Mwandishi ameonesha mapenzi. Kwa mfano Ngoswe alimpenda Mazoea. Hivyo jamii inatakiwa kuacha mapenzi."

Jamii inatakiwa kuacha mapenzi! Nilimuuliza tukishaacha watoto watatoka wapi, akacheka mpaka akaficha uso. Na hii ni aya yake wiki mbili baada ya zile Jumamosi, swali lilelile:

"Hasira za kiongozi huwaumiza wasiohusika. Mzee Mitomingi ni balozi, yeye ndiye alipaswa kuilinda kazi ya sensa kijijini. Lakini Ngoswe anapoondoka na Mazoea, Mitomingi anazi choma karatasi za sensa. Ngoswe amekosa yeye lakini waliopotea kwenye hesabu ni watu wa kijiji. Hii ni sawa na kiongozi wa leo anayekomoana na mwenzake wananchi wakakosa huduma."

Ana hoja, anaieleza, ana tukio kutoka kitabuni, ana majina sahihi, anaifikisha kwenye jamii ya leo. Alama ziko hapo. Bado aliandika "anazi choma" kwa kutenganisha na nikamkata nusu, sitaki masihara.

Mengine nitayapitia haraka maana kila mwalimu anayajua. Swali la tamthiliya kwa kawaida linataka vitabu viwili, kwa hiyo ukitoa hoja kumi za Ngoswe na sifuri za kingine umejipunja nusu ya alama zako. Majina ya vitabu yameorodheshwa kwenye karatasi ya mtihani yenyewe, yamepangwa kwa makundi, ushairi, riwaya, tamthiliya, na bado kila mwaka kuna anayemleta Takadini au Watoto wa Mama Ntilie kwenye swali la tamthiliya. Hizo ni riwaya, jamani. Karatasi imekuandikia, isome. Utangulizi usizidi mistari michache. Na usimalize kila hoja kwa "hali hii ipo katika jamii yetu", sema ipo wapi, ipo vipi.

Wazazi kadhaa wamenilalamikia kwamba tunawachezesha watoto ngonjera wakati wenzao wa shule za kulipia wako kwenye tuisheni. Mmoja alinisimamisha sokoni, mkononi ana fungu la vibua, akaniuliza kwa upole kama kweli serikali inanilipa kwa mchezo. Nikamjibu kuwa tamthiliya iliandikwa ichezwe, na kwamba mwanawe, ambaye sikuwahi kusikia sauti yake darasani tangu kidato cha tatu, sasa anabishana na kipanga. Akafikiri kidogo. Akasema asizidishe ubishi akaanza kumbishia na yeye nyumbani.

Jumamosi hii tunaingia kwenye Orodha ya Steve Reynolds. Nayo ina mambo. Furaha amefariki kwa UKIMWI, ameacha barua yenye orodha, na wanaume wanaojijua wanatetemeka wakidhani ni orodha ya majina yao. Mpaka sasa kila mvulana anataka kuwa msomaji wa barua na hakuna hata mmoja anayetaka kuwa kati ya wanaotetemeka. Kijana wa TaSUBa anasema tuwapangie hao hao wanaokataa kwa nguvu zaidi. Nahitaji viti vya plastiki vinne na kanzu nyeusi ya kuazima, saizi ya mtu mrefu mwembamba. Mwenye navyo hapa mjini aniambie kabla ya Ijumaa, jioni vitarudi, kanzu itafuliwa.